Kwaresima ya Mkojo Mweusi

Ninamshukuru Mungu kwa sababu leo asubuhi nilichuchumaa na nikainuka mwenyewe, bila kushika mti wala mkono wa mtu. Mwenye afya hawezi kujua ukubwa wa jambo hilo. Ninaandika haya kwa ajili ya watu wanaobeba: wanaobeba mbao kichwani kutoka msituni, wanaosukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa makaa, wanaotoka Pinga na magunia mgongoni, na wale ambao vita imewafukuza wakabeba nyumba nzima juu ya mabega. Kila mmoja wenu anajua maumivu ya misuli. Mimi pia nilifikiri ninayajua.

Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo kwenye kilima kimoja juu ya Kashuga. Nina miaka sitini na mmoja, na kwa miaka mingi nimekuwa katekista wa kanisa letu dogo, kwa maana padiri anatufikia mara chache na mtu fulani lazima aongoze sala za Jumapili. Watu wenye silaha walipopita huku, walilala ndani ya kanisa hilo. Walipoondoka, mbao za paa zilikuwa majivu sakafuni.

Kasereka, mfanyabiashara Mnande mwenye duka kule chini, Mkristo mwema, alitupatia mbao kwa wapasuaji walioko msituni, upande wa Walikale. Gari haifiki huko. Mbao zinatoka kwa vichwa vya watu. Basi nikatangaza salongo, kazi ya pamoja, ya siku tatu, wiki ya kwanza ya Kwaresima, kila Mkristo mwenye nguvu aje. Na juu ya tangazo hilo nikaongeza langu: tutabeba kwa kufunga kavu. Hakuna chakula, hakuna maji, mpaka jua lizame.

Padiri hakuniagiza hivyo. Kanisa letu haliagizi mtu kukataa maji. Lakini huku kwetu, katika vikundi vya sala, mtu mwenye jambo zito hufunga kavu, na nilitaka paa la Mungu liwe sadaka isiyo na kasoro. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na watu wakaniitikia.

Jumatatu tulikuwa kumi na sita. Jumanne tulikuwa saba. Jumatano nilibaki mimi na Bauma.

Bauma tulibatizwa naye siku moja, tukiwa wadogo. Alikaa ng'ambo ya bonde na mkewe, Mama Riziki. Alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye mazishi. Siku ile ya tatu tulitembea muda wa saa tano chini ya mbao mbichi, ndefu, zinazochuruzika maji ya mti hadi shingoni, na jua likawa kali kama mwezi wa saba. Nilimsikia nyuma yangu akihema.

"Papa Katekista," akasema, "hata Bwana Yesu walimutafutia muntu wa kumusaidia musalaba. Siye banatutafutia nani?"

"Malaika," nikamjibu.

"Wanipe mwenye shingo munene."

Tulipofika kwenye kijito kilicho chini ya kilima chetu, alitua mbao yake na kukaa juu ya jiwe. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Tukunywe kidogo tu. Ulimi yangu imekuwa sawa kipande ya ngozi."

"Tumalize kwanza, Bauma. Imebaki kilima moja."

"Kilima moja ya Masisi iko vilima tatu," akasema, akacheka. Alijimwagia maji usoni. Yaliyoingia mdomoni aliyatema mbele yangu, ili nione. Kisha akainua mbao yake.

Ninaandika sehemu hii polepole, kwa maana ndiyo sehemu ambayo ningetaka kuiruka.

Alhamisi niliamka kama mtu aliyepigwa fimbo mwili mzima. Hilo halikunishangaza. Aliyelima sana au kubeba sana anaumwa kesho yake, na siku ya pili anaumwa zaidi, halafu mwili unafunguka. Mke wangu, Mama Furaha, aliniona nikishuka kitandani kwa kujivuta akacheka.

"Uzee njo unakusalimia. Uitikie."

Lakini Ijumaa mapaja yalikuwa yamevimba na kuwa magumu kama mchi. Mikono haikupanda. Nilijaribu kufanya ishara ya msalaba, mkono ukaishia kifuani. Mke wangu akamwita Mama Zawadi kutoka Muheto, mwanamke anayejulikana kwa kukanda watu kwa maji ya moto na majani. Alinigusa paja akatikisa kichwa.

"Inakamata ngumu hivi, ni damu imelala. Ngoja niiamushe."

Alinikanda kwa nguvu ya mtu anayeponda mihogo. Nililia machozi mbele ya mke wangu, jambo ambalo sikulifanya hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Jioni muuza dawa wa sokoni akaja na kunipiga sindano ya maumivu, na Jumamosi akarudia. Simlaumu yeye, wala Mama Zawadi. Kila mmoja alileta alichojua, na walinikuta mtu asiyesema ukweli wote.

Ukweli niliouficha ni huu. Tangu Ijumaa nilikuwa nakojoa kidogo sana, ndani ya kopo, kwa sababu sikuweza kufika chooni. Na mkojo ule ulikuwa mweusi, rangi ya kahawa iliyochemka mara mbili. Niliumwaga mwenyewe dirishani. Nilijiambia kwamba Mungu amepokea sadaka yetu na hii ndiyo alama yake, kwamba ninateseka kidogo pamoja na Mwanawe katika Kwaresima yake, na mtu haendi kusimulia majirani zawadi kama hiyo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Hata maji niliyoletewa niliyaonja tu. Kichefuchefu kilinishika, nikitapika hata mate.

Jumapili sikwenda kuongoza sala. Kasereka alipanda kilima baada ya ibada, kwa maana hakuwahi kuniona nikikosa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaona uso wangu ulivyovimba.

"Mama Furaha, anakojoa?"

"Anasema anakojoa."

"Leta ile kopo nione."

Mke wangu aliinama chini ya kitanda akalitoa. Safari hiyo sikuwa na nguvu ya kulimwaga. Alitazama ndani, akalitoa nje kwenye mwanga, akatazama tena. Aliniangalia tu kama mtu asiyenijua.

"Hii niliiona kwa mubebaji mumoja wa njia ya Pinga," Kasereka akasema. "Walisema ni uchovu. Tulimuzika. Papa Katekista, unaenda hospitali leo, ao nakufunga kamba nakupeleka."

"Waje kwanza watu wa sala..."

"Sala utaifanya mu kipoyi. Mungu iko nasikia hata muntu mwenye amelala."

Kipoyi ni machela yetu ya miti na kamba. Walionibeba walikuwa baadhi ya wale walioacha mbao siku ya kwanza na ya pili. Moyoni niliwahi kuwahukumu kuwa wana imani nyepesi. Sasa walikuwa wazima, na nilikuwa juu ya mabega yao. Mmoja alisema, "Katekista iko muzito kupita mbao," na mwingine akamwambia anyamaze. Nilitaka aendelee. Mzaha ule ulikuwa kitu pekee kisichoumiza.

Kwenye hospitali kubwa tulikaa kwenye benchi la mapokezi pamoja na akina mama wenye watoto wa malaria na kijana mwenye risasi mguuni. Mvua ilianza kupiga mabati. Nilihesabu waliotangulia mbele yangu, nikasahau, nikahesabu tena. Mama mmoja mkimbizi wa kambi, ambaye simjui jina hadi leo, aliona kichwa changu kinagonga ukuta. Akakunja kitenge chake akakiweka nyuma ya shingo yangu.

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti yangu. Aliuliza maswali matatu.

"Ulibeba siku ngapi?"

"Tatu."

"Ulikunywa maji kiasi gani?"

"Sikukunywa."

"Na baada ya pale, kuna mtu alikukanda au kukupa sindano?"

Nilipojibu yote, alivuta kiti akakaa. Aliniambia kwamba nyama ya misuli yangu imevunjika ndani, na uchafu wake umeingia katika damu na kuziba figo. Kukandwa kuliongeza, sindano iliongeza, ukavu ndio ulioanza. Kisha akasema jambo nililolibeba siku zote zilizofuata: "Kama mkojo utaendelea kutoka, Papa, utapona. Ukikoma, mashine ya kusafisha damu iko Goma, na njia ya Goma unaijua."

Niliijua. Wakati ule vita ilikuwa imeifunga, hakuna aliyepita.

Hivyo maisha yangu yakawa chupa mbili. Moja ilining'inia juu, ya serumu, ile ya maji yanayoingia katika mshipa. Nyingine ilikuwa chini ya kitanda, na mpira wa mkojo ulishuka ndani yake. Muuguzi aliyeitwa Esperansi alibandika plasta juu ya chupa ya chini na kuchora mistari kwa kalamu. Kila asubuhi aliinama akasoma. Jumatatu mkojo haukufika mstari wa kwanza. Jumanne haukufika. Wagonjwa wengine chumbani walijifunza kumtazama yeye akiinama.

Mke wangu hakusema nami siku mbili. Alinilisha uji, alinigeuza, alinifuta, yote kwa midomo iliyofungwa. Jumanne, akiwa ananivua shati, akaanza bila kuniangalia.

"Ulifunga kwa ajili ya Mungu, ao kwa ajili ya batu bakuone?"

Nilisema sijui.

"Mimi najua," akasema. "Na yule mwenzako? Yeye iko namna gani?"

Ndipo nilipomkumbuka Bauma. Jumapili, nikibebwa kupita juu ya bonde lake, sikumkumbuka. Niliogopa kufa, na woga ule ulijaza nafasi yote. Tulimtafuta Kasereka kwa simu mpaka jioni, kwa maana mtandao ulikuja na kuondoka. Alipopatikana alituma watu kesho yake alfajiri.

Walimleta Bauma Jumatano na kumlaza kitanda cha pili kutoka changu. Alikuwa amelala nyumbani wiki nzima. Mama Riziki alisema alimsihi aende kituo cha afya, naye alimjibu kwamba Katekista naye anaumwa hivyo hivyo, na Katekista atasema la kufanya. Alikuwa akisubiri niseme.

Uso wake ulikuwa mkubwa, macho madogo ndani yake. Walimwekea serumu na mpira. Asubuhi ya Alhamisi Esperansi aliinama chini ya kitanda chake, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainuka na kwenda kumwita daktari. Chini ya kitanda changu mkojo ulikuwa umevuka mstari wa kwanza, na rangi yake ilikuwa ya chai.

"Katekista," Bauma akaniita.

"Niko."

"Yangu haitoki. Weye yako inatoka?"

"Inatoka kidogo."

"Bon, vizuri." Alipumzika kwanza. "Musiniombee mvua. Ombeni mukojo."

Chumba kizima kilicheka, hata kijana wa risasi. Mimi nilicheka pia, na mbavu ziliniuma. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Baadaye alianza kusema na watu wasiokuwepo, akiwaita kwa Kihunde, akiwaelekeza njia ya kupita na mbao. Ijumaa, kabla ya mchana, moyo wake ulisimama. Nilisali sala za wanaokufa nikiwa nimelala chali, kwa maana sikuweza kukaa, na sikuweza kunyoosha mkono kufika kwake. Mama Riziki alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa. Hakunitazama.

Mkojo wangu uliongezeka siku ile ile. Esperansi aliukuta kwenye mstari wa tatu. Siku nyingine zote alikuwa akisema, "Leo tunapiga makofi, Papa," hata kwa tone. Siku ile aliandika tu kwenye karatasi yake, akanipangusa uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akatoka.

Nilikaa hospitalini hadi Pasaka. Uvimbe uliposhuka nilikuta miguu ya mtu mwingine chini ya blanketi, ngozi imelegea juu ya mfupa. Binti yangu Furaha aliacha shamba lake ili mama yake apumzike, na msimu wa kupanda maharage ukapita mashamba yetu mawili yakiwa na magugu. Mume wake alimtumia ujumbe wa hasira. Furaha alimsomea mama yake nje ya dirisha, wakidhani nimelala. Ugonjwa wa mtu mmoja hula katika sahani ya wengi, na anayeumwa anasikia kila mlio wa kijiko.

Nyumbani nilijifunza upya. Wiki ya kwanza nilitembea mpaka uzio. Ya tatu, mpaka kwenye migomba. Daktari aliniambia nitembee kila siku, kidogo, niache kabla ya kuchoka, ninywe maji hata bila kiu, nile maharage na mayai yanapopatikana, nilale. Mwezi wa pili nilijiona mzima nikalima mistari mitatu kwa hasira ya kuona magugu. Kesho yake mapaja yaliuma, na hofu ilinishika. Nilikojoa ndani ya chupa ya kioo, nikaitoa nje kwenye jua, mzee mzima, nikaiinua mbele ya macho yangu. Ilikuwa safi, rangi ya majani makavu. Nilikaa chini nikaishika chupa ile kwa mikono miwili. Mke wangu alinikuta hivyo. Alikaa kando yangu, na tangu siku ile ananiita tena kwa jina langu la nyumbani.

Basi ninyi mnaobeba, sikieni kwa mtu aliyekosea. Maumivu ya kawaida yanakaza siku ya pili na kulegea siku ya nne. Tembea nayo polepole, kunywa, kula, lala, na usirudi kwenye mzigo mpaka yaishe. Lakini mguu ukivimba na kuwa mgumu, mkono ukikataa kuinuka, mkojo ukiwa kidogo au mweusi, usikubali mtu akukande, usikubali sindano ya sokoni, na usingoje ruhusa ya mtu wa dini. Nenda siku hiyo. Onyesha mkojo wako. Hakuna sadaka ndani yake.

Miguu iliponikubalia, baada ya miezi minne, nilivuka bonde kwenda kwa Mama Riziki. Safari ya nusu saa niliitembea tangu asubuhi hadi saa tano. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alinipa kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri juu ya mbingu.

"Alikuomba maji?" akaniuliza.

Hapakuwa na shahidi yeyote. Kijito tu.

"Aliomba."

"Ukasema nini?"

"Nikasema tumalize kwanza."

Aliendelea kuchambua. Alitupa maharage mabovu upande mmoja, moja moja, muda mrefu.

"Basi, enda useme vile mu kanisa," akasema. "Usiseme kama ni mapenzi ya Mungu. Useme vile umeniambia."

Nilisema Jumapili iliyofuata, mbele ya wote, chini ya paa lisilokwisha. Wengine walilia. Mzee mmoja wa kikundi cha sala alisimama akasema ninalegeza imani ya watu, na wapo wasionisalimia hadi leo. Nilimwandikia padiri kwamba wamtafute katekista mwingine. Alinijibu niendelee. Sijajua bado kama hilo ni msamaha au ni adhabu, na ninalipokea kama kazi.

Kwaresima hii tumerudi msituni kwa mbao zilizobaki. Mimi sibebi. Ninakaa kwenye kijito, chini ya kilima chetu, na bidoni mbili za maji yaliyochemshwa na kopo, na hakuna mtu anayepita na mbao bila kunywa mbele yangu mpaka mwisho. Vijana wananiita Papa Polisi. "Papa Polisi, tumbo imejaa, nitakojoa njiani!" Ninawaambia wakojoe.

Jumanne Mama Riziki alishuka na wengine, mbao nyembamba kichwani. Nilikuwa sijui kama atakuja. Aliitua mwenyewe, akachukua kopo mkononi mwangu, akanywa. Alikunywa taratibu, kopo la kwanza, kisha akalinyoosha kwangu bila kuniangalia, nikajaza la pili, akanywa hilo pia hadi tone. Alilirudisha, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, wenzake wakamsaidia kuinua mbao, akapanda.

Nilijaza kopo kwa anayemfuata.